Kutoka kambini hadi darasani nikiwa na miaka 37: mliopitia njia hii mlifanyaje?

MzeeLalaChini (mwanzilishi wa uzi), Jumapili usiku

Salaam alaykum, na wengine hamjambo. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Niliingia jeshi 2007, nikatoka 2023 nikiwa sajini. Miaka 16, na mingi yake nilikuwa stoo. Mimi ndiye yule anayehesabu soksi, betri na madumu ya maji, kisha anahesabu tena kwa sababu hamwamini aliyehesabu mwanzo, hata kama ni yeye mwenyewe. Somalia nilikwenda mara mbili. Septemba 2024 nikaanza shahada ya ugavi na uchukuzi katika chuo kimoja hapa Mombasa, karo natoa kwenye kiinua mgongo. Nina miaka 37 na kifungua mimba wangu yuko gredi ya nane. Jioni tunakaa meza moja kufanya hesabu, na mara nyingine yeye ndiye anayenisahihisha.

Watu huniuliza kama masomo ni magumu. Ni magumu, ndiyo, lakini si hayo yaliyonileta hapa.

Jeshini ukikosa paredi ya alfajiri, jina lako linaitwa mara mbili na mtu anatumwa kitandani kwako. Huenda anakuja kukutukana, lakini anakuja. Sasa sikilizeni. Muhula wa kwanza malaria ilinilaza nyumbani Likoni wiki mbili na nusu. Nilipopata nguvu nikarudi darasani na barua ya daktari mfukoni, nimeikunja mara nne, njia nzima kwenye feri nafanya mazoezi ya maelezo nitakayotoa. Hakuna aliyeyataka. Karatasi ya mahudhurio ilipopita mbele yangu nikaipekua kurasa za nyuma, nikakuta sahihi yangu siku zote nilizokosa. Kijana fulani alinisainia, kwa wema wake, bila hata kunijua. Kwenye makaratasi sikuugua hata siku moja.

Nilikaa pale nikatamani mtu anifokee, wallahi.

Jambo la pili ni asaimenti. Tuliambiwa tueleze matatizo ya kupeleka shehena mahali pasipo na barabara nzuri, maneno 2,000. Mimi nikaandika nilivyozoea. Moja, maji. Mbili, mafuta. Tatu, mvua. Ukurasa mmoja na robo, na kila sentensi ya kweli. Nikapata 9 kwa 20, na kalamu nyekundu pembeni: "Panua hoja. Marejeo yako wapi?" Marejeo yangu ni malori matatu yaliyozama kwenye tope baina ya Dhobley na Afmadow mwaka 2012. Hayo yanaandikwaje chini ya ukurasa?

Kwa hiyo nauliza. Mliotoka jeshini mkaingia chuo, mlifanyaje? Na nyinyi wanafunzi na walimu, mtu kama mimi akiingia darasani mnamwona vipi? Semeni kweli.

BintiTudor

Pole mzee wangu kwa malaria. Lakini kwanza tuambie, MzeeLalaChini ni jina gani hilo?

MzeeLalaChini

Nilijua litaulizwa. Muhula wa pili kulikuwa na mgomo wa wanafunzi. Mimi sikuwa na habari, natoka kantini na chapati mbili kwenye gazeti, naelekea maktaba. Mlio wa kwanza wa gesi ya machozi ukalia getini. Sikumbuki kuamua kitu. Ninachokumbuka ni kwamba nimelala kifudifudi nyuma ya tangi la maji, mkono wangu umembana chini msichana ambaye hata jina lake silijui, na nimeshapiga ukelele wa "Lala chini!" kwa sauti ya uwanja wa gwaride, mpaka wapishi wa kantini nao wakalala. Kuinua kichwa, naona makomredi wote wamesimama wananitazama. Mmoja anatafuna muwa. Gesi kwao ni kama mvua ya Mei, wanatoa vitambaa mfukoni na maisha yanaendelea.

Yule msichana akaniambia kwa adabu, "Mzee, sasa waweza kuniachia."

Tangu siku hiyo jina langu la cheti halitumiki.

BintiTudor

Ngoja kwanza. Tangi la bluu? Lile lililo karibu na kantini?

Mzee, ni mimi!! Na buibui langu lilichanika mkono, jipya kabisa, lilikuwa la Idi. Deni hilo lipo.

MzeeLalaChini

Astaghfirullah. Deni nalikubali mbele ya mashahidi wote wa uzi huu.

KuliWaKilindini

Mimi nitakuwa mbaya kidogo, mtanisamehe. Mkuu, kazi ulilipwa mshahara, umetoka una penseni, una kiinua mgongo. Mimi nimebeba magunia bandarini miaka 20, mgongo umekwisha, na jina langu halijaitwa paredi yoyote. Mwaka jana nimeanza diploma ya jioni, nina miaka 44. Vijana wananiita babu. Nani atanifungulia uzi mimi? Kila mtu akitaka mlango wake maalumu, chuo kitakuwa na milango mingapi?

Nanga_Mtongwe

KuliWaKilindini hoja yako ina uzito, tutairudia. Wacha nimjibu mwenye uzi kwanza.

Mimi nilikuwa jeshi la maji, Mtongwe, fundi wa injini. Nimemaliza shahada miaka mitatu iliyopita. Nilichojifunza kwa kuumia ni hiki. Pesa usiiweke kwenye gari. Nilinunua tuktuk mbili na kiinua mgongo, nikasema zitanilipia karo. Moja iligonga mti kule Shika Adabu, ya pili mpaka leo sijui iliko dereva wala yenyewe. Lipa karo ya mwaka mzima siku pesa inapoingia, kinachobaki ndicho ukizungushe.

Halafu vyeti. Jeshini tumefanya kozi nyingi lakini makaratasi yake yanalala kambini, na raia hajui yana maana gani. Fundi aliyefungua injini ya meli miaka 12 anakaa darasani kufundishwa kutumia spana. Kuna utaratibu wa kutambua ujuzi mtu alioupata kazini, uko chini ya KNQA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2014 kupanga ngazi za vyeti nchini. Ulizia. Mimi nilichelewa kujua, nikarudia niliyokuwa nayafundisha wenzangu.

Na fomu ya mkopo itakuuliza kipato cha baba na mama. Baba yangu alikuwa kaburini mwaka wa tisa. Imepangwa kwa mtoto aliyetoka kidato cha nne jana. Usikasirike, jaza tu, ambatanisha cheti cha kifo.

MtuWaMakupa_Texas

Nawasoma kutoka mbali. Mimi mzaliwa wa Makupa, nilikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza, nikaingia jeshi lao, nikatoka na nikasomeshwa. Wacha niwaeleze huku mambo yalivyo kwa sababu mitaani husemwa Marekani inawapenda wanajeshi, kana kwamba ni mapenzi. Ni sheria.

Tarehe 22 Juni 1944, vita bado vinapiganwa, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwalipia wanajeshi masomo, mafunzo ya kazi na mikopo ya nyumba. Waliogopa watu mamilioni kurudi kwa mpigo na kukosa kazi, kama ilivyotokea baada ya vita vya kwanza. Milioni 2.2 waliingia vyuo vikuu kwa sheria hiyo, na kufikia 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo walikuwa watu waliotoka vitani. Wanaume wenye wake na watoto wakasomea kwenye mabanda ya bati. Wakuu wa vyuo vingine walinung'unika mwanzoni kwamba viwango vitashuka, wakaona hao wazee ndio wanaosoma kuliko wote. Ila msidanganyike, mwanajeshi Mweusi wa majimbo ya kusini alikuwa na haki hiyo kwenye karatasi, na mlango wa chuo umefungwa usoni mwake.

Mimi nilitumia sheria mpya ya 2008 iliyoanza kazi Agosti 2009. Miezi 36 ya karo, pesa ya nyumba kila mwezi, na vitabu hadi dola 1,000 kwa mwaka. Pesa haikuwa shida yangu. Na bado muhula wa kwanza nilitaka kuacha. Unajua nini kilinizuia? Chuoni kulikuwa na chumba kimoja, birika la kahawa, makochi mabovu, na mama mmoja wa ofisi aliyekuwa akijua majina yetu. Nisipopita siku mbili, ananipigia simu. Basi. Serikali imetumia maelfu ya dola juu yangu, na kilichonibakisha darasani ni mama wa kahawa.

Chuo kikuu cha Virginia Commonwealth mwaka 2010 kilianzisha mafunzo mafupi kwa walimu na wafanyakazi wanaojitolea. Wanafundishwa mwanajeshi anatoka wapi kimawazo na ofisi gani inashughulikia nini, kisha wanabandika alama mlangoni ili mwanafunzi ajue hapa nitasikilizwa. Waliita Green Zone, jina la ile sehemu yenye ulinzi mjini Baghdad. Vyuo vingi vikaiga. Kwa nini Mombasa isiige?

MjukuuWaKeya

Mwaka huo wa 1944 unaousema, yakhe, babu yangu alikuwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, kwenye mvua na matope na ruba. Roosevelt anatia sahihi mwezi wa sita, mwezi wa nane Keya, yaani askari Waafrika wa King's African Rifles, wanaingia bondeni. Adui mmoja, vita vimoja.

Babu alirudi Kwale na koti zito la jeshi na medali. Koti lilikuwa halivaliki pwani kwa joto, bibi akalifanya tandiko la mlangoni. Chuo cha MIOME pale Tudor, ambacho leo ni Technical University of Mombasa, kilipoanza kupokea wanafunzi 1951, babu alikuwa anapita nje yake na baiskeli ya nazi. Alikuwa anajua kusoma ramani, alikuwa anajua redio. Hakuna aliyemuuliza.

Nanga_Mtongwe

Hapo nilikuwa na la kuongeza. Bunge letu lilipitisha sheria ya maslahi ya wanajeshi wastaafu mwaka 2022. Afrika Kusini wana yao ya 2011, na humo elimu na mafunzo yametajwa waziwazi kuwa haki ya mstaafu, pamoja na ushauri nasaha na matibabu. Kwa hiyo Afrika si kwamba hatujui. Na sisi tuna DEFOCA, chama cha wastaafu wa jeshi. Lakini vijana waliotoka juzi wengi hawaingii, wanadhani ni cha wazee wa kofia na fimbo.

MzeeLalaChini

MtuWaMakupa, birika la kahawa nalitaka. Alama mlangoni siitaki.

Huko kwenu mtu anavaa kofia iliyoandikwa alikopigana, anashukuriwa dukani. Mimi kule ninakoishi jirani wa pili anajua nilikuwa "nafanya kazi Nairobi". Darasani hawajui, labda huyu Binti sasa. Ukibandika alama kwenye mlango, mimi nitakuwa wa kwanza kuuzunguka nisionekane naingia. Wapo wasiotupenda na wanaoweza kutupa tabu, na silaha nilirudisha, nikatiwa sahihi.

Kijana_wa_Majengo

Umesema tuseme kweli. Nami nasema, na sina ubaya na wewe.

Mtaani kwetu neno afande si salamu. Binamu yangu alichukuliwa usiku na watu wenye bunduki ambao hawakujitaja. Miaka kumi na kitu. Mama yake bado anampikia siku ya Idi, anafunika sahani. Sasa mimi nikiwekwa kundi moja la kazi na mtu niliyeambiwa ni askari, asaimenti sitaiona. Nitakuwa natazama mikono yake.

MzeeLalaChini

Nimeisoma hii mara tatu, nikatoka nje, nikarudi.

Sitakuambia jeshi si polisi na polisi si kitengo fulani. Aliyegongewa mlango usiku haulizi rangi ya sare. Mungu awape subira, na ampe mama yake jibu kabla hajafunga macho.

Ninachoweza kukwambia ni kwamba mimi nami nilikuwa natazama mikono yenu. Nakaa kiti cha mwisho karibu na mlango tangu siku ya kwanza. Kijana akiingia na begi kubwa sijui mhadhiri anasema nini dakika tano zile.

Kijana_wa_Majengo

Ahsante kwa kutonibishia.

Mimi pia hukaa nyuma karibu na mlango.

Mhadhiri_Kimya

Nafundisha chuo kikuu, sitakitaja. Nina makosa mawili ya kuungama, na jambo moja la kufundisha.

Kosa la kwanza: niligundua mwanafunzi wangu alikuwa Somalia, nikafurahi kama mtoto, nikamwambia mbele ya watu 90, "Hebu tueleze huko kulikuwaje." Alisimama wima, mikono ubavuni, akasema, "Kulikuwa na joto, bwana." Akaketi. Kijana mwingine akachomoza, "Uliua?" Darasa likacheka. Wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu, na muhula ule hakurudi. Kosa la pili ni kwamba sikumtafuta. Nilijiambia ni mtu mzima.

Sasa asaimenti yako, sajini. Wewe umeandika ripoti, na ripoti nzuri, naiona bila kuisoma. Kwenye ripoti mkubwa wako anakuamini kwa cheo na kwa kuwa ulikuwepo. Kwenye insha ya chuo hakuna anayekuamini, hata mimi siaminiwi. Kwa hiyo ile sentensi yako ya "Tatu, mvua" usiifute, ifanye mwanzo wa aya. Chini yake jibu maswali matatu: umejuaje, nani mwingine amekuta hivyo, na ni wapi au lini haikuwa hivyo. Ulikuwa na malori mangapi, yalichukua siku ngapi kabla ya mvua na siku ngapi baada yake. Hiyo tayari ni data. Kisha nenda maktaba utafute aliyeandika juu ya usafirishaji wa chakula cha msaada kwenye maeneo hayohayo, maana hao nao walizama kwenye tope lilelile na waliandika. Huyo ndiye shahidi wako. Utashangaa maneno 2,000 yanavyoisha haraka.

Na usiogope kwenda ofisini kwa mwalimu. Wanajeshi hamji. Mnadhani kubisha hodi kwa mkubwa ni utovu wa nidhamu. Vijana wa miaka 19 wanakuja kunililia alama mbili mpaka wanapata tatu.

MzeeLalaChini

Mwalimu, nimeinakili hii kwenye daftari, kurasa ya kwanza. "Umejuaje" nimeipigia mstari.

Ni kweli. Mlango wa mhadhiri wangu nimesimama mbele yake mara mbili. Mara ya pili niliona nimeshikanisha visigino.

BintiTudor

Visigino 😂😂 jamani.

MkeWaSajini

Mimi ni mke, si wa mwenye uzi. Wangu alikuwa jeshini miaka 14. Alianza chuo, akawa anaamka saa kumi usiku kusoma, viatu vinang'aa, daftari zimepangwa kwa rangi. Nikasema Alhamdulillahi, mume nimempata. Mwaka wa pili akaanza kulala sebuleni, sakafuni, mlango wazi kidogo. Kisha akaanza kutafuna muguka, ati asisinzie. Kisha akawa anatoka asubuhi na begi, na siku moja shemeji akamwona ameketi ufukweni, pale Mama Ngina, anatazama meli. Ilikuwa mwezi wa tatu hajaingia darasani. Chuo hakikutupigia hata simu moja. Karo ndiyo waliyokumbuka.

Mama mkwe anasema amerogwa, ameshaitiwa watu wa kumsomea mara mbili. Kusomewa si vibaya. Lakini mimi nataka kujua naanzia wapi.

Bi_Nasaha

Dada yangu, mimi kazi yangu ni ushauri nasaha. Kwenye uzi siwezi kumpima mtu. Nitasema machache.

Kusomewa na kwenda hospitali havigombani, mwache mama afanye lake na wewe ufanye lako. Kulala karibu na mlango, kushtuka, kukosa usingizi, kukwepa watu, mara nyingi ni mwili ambao bado uko zamu. Hali hiyo ina dawa na ina tiba ya mazungumzo, na watu hupona au hupata nafuu ya kuishi. Hospitali ya rufaa ya kaunti ina kitengo cha afya ya akili, waweza kwenda wewe kwanza, peke yako, ukaulize. Asipokubali neno wazimu, usilitumie. Mwambie ni usingizi. Mwanajeshi atakataa kuwa mgonjwa lakini atakubali kwamba halali. Muguka mshike nao polepole, usimnyang'anye siku moja. Na akisema maneno ya kutaka kufa, usingoje Jumatatu, mpeleke usiku huohuo.

Na wengine msidhani kila aliyetoka jeshini ana kiwewe. Wengi hawana. Wengi wamepoteza ratiba, cheo na watu wao kwa siku moja, na hilo peke yake linatosha kumlaza mtu sebuleni.

Nitakutumia ujumbe kando.

MkeWaSajini

Nimeupata. Ahsante.

KuliWaKilindini

Nimerudi. Nilikuja na ubishi, nimesoma yote haya nikiwa kwenye lori nangoja zamu.

Huyu mama wa meli za Mama Ngina amenimaliza. Lakini bado nashikilia hoja yangu, ila naigeuza. Sajini anasema hataki alama ya wanajeshi mlangoni kwa sababu itamfichua. Mimi nilisema sina mlango. Basi si tuingie mlango mmoja? Andikeni "wanafunzi wa umri mkubwa". Hapo nipo mimi kuli, yupo mama aliyelea watoto watano kwanza ndipo akarudi shule, yupo mlinzi wa usiku anayesoma mchana, na yupo bwana mmoja viatu vinang'aa, hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Akitaka atasema. Asipotaka, yeye ni mzee tu kama sisi.

Nanga_Mtongwe

Kuli, wewe diploma ya nini? Wakubadilishie wakupe shahada leo.

Mhadhiri_Kimya

Hili chuo hakihitaji bajeti. Chumba kimoja baada ya saa kumi na moja jioni na mtu mmoja mwenye orodha ya majina. Orodha ndiyo muhimu. Nitaliuliza kwenye idara yangu, sitoi ahadi.

MtuWaMakupa_Texas

Nimekubali kushindwa juu ya alama mlangoni. Birika la kahawa nitanunua mimi, nipeni nambari ya M-Pesa ya mtu mwaminifu. Si mwenye tuktuk.

Nanga_Mtongwe

Haya basi, tusingoje idara. Jumamosi baada ya Alasiri, Mama Ngina, kwenye mihogo ya kukaanga. Dada MkeWaSajini, mwambie mumeo kuna fundi wa injini wa Mtongwe anataka mtu wa kubishana naye, kama yupo atazamapo meli asisogee, tutamkuta hapohapo. Hakuna bango, hakuna fulana. Tutajuana kwa viatu.

KuliWaKilindini

Mimi nakuja na ndara.

Kijana_wa_Majengo

Umri mkubwa ni kuanzia miaka mingapi? Nina 23.

MzeeLalaChini

Njoo. Pilipili na ndimu juu yangu.

---

MzeeLalaChini, Jumapili iliyofuata

Mrejesho mfupi. Tulikuwa saba, wa viatu vinang'aavyo watatu. Mtu wa nne alikaa kwenye ukuta wa mbali kidogo, akatutazama kama nusu saa, kisha Nanga akampelekea sahani ya mihogo bila kusema neno. Akaila. Zaidi ya hapo si haki yangu kusimulia. Kijana wa Majengo alikuja, akakaa upande wa barabara, mimi upande wa bahari, Kuli katikati akizungumza peke yake masaa mawili.

Asaimenti ya pili nimepata 14. Pembeni imeandikwa "Bora." Buibui nimelipa.

BintiTudor

Nimelipokea, la rangi nzuri kuliko la kwanza. Mkeo ndiye aliyechagua, usijisifu.

---

BintiTudor, Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi

Mzee, darasa limeanza na kiti cha mlangoni kitupu. Karatasi ya mahudhurio imeshafika safu yetu. Uko wapi? Na mimi sikusainii.

MzeeLalaChini

Nipo Likoni, foleni ya feri. Usisaini. Waambie nakuja.